Ngumi ya Kichanga

Zamani, kila mtoto aliyezaliwa pale mjini alipelekwa kwa bondia Mapande amshike vingumi vyake, apate nguvu. Tangu astaafu, hakuna aliyebisha hodi kwake tena.

Asubuhi moja akasikia hodi. Alipochungulia, akamwona binti amepakata kichanga. Mbio akaenda kunawa mikono, moyo ukimdunda kama siku ya pambano.

"Shikamoo, baba. Samahani, nampeleka mtoto kwa bingwa mpya. Ni nyumba ipi?"

"Marahaba, mwanangu." Mapande akageukia barabarani. "Ile pale, yenye geti jekundu."

Aliponyoosha mkono kumwonyesha, kichanga akakidaka kidole chake. Mama akajaribu kukichomoa, mtoto akazidi kukaza. Mapande akabaki ameinama mlangoni, maji yakimdondoka kiwikoni, asithubutu kuusogeza mkono.