Nyuma ya Mshindi

Msusi alikuwa akimwosha mteja nywele huku jicho liko kwenye runinga. Mbio za baiskeli zilikaribia kumalizika, barabara tambarare imenyooka, na mumewe yuko mbele akimkatia upepo mwenzake wa timu.

Mara, alipojitoa kando kumpisha mwenzake, gurudumu lake likagusa la mwingine. Mumewe akaanguka, wengine wakamwangukia.

Kamera haikumngoja. Ikamfuata yule mwenzake, aliyeponyoka na kushinda.

"Nionyesheni mume wangu, jamani!"

Mteja, mama mtu mzima, aliinuka povu likimchuruzika shingoni, akaishika ile mikono yenye sabuni. "Tulia, mwanangu. Tazama tu."

Mshindi akaanza kuhojiwa. Msusi hakusikia hata neno. Macho yake yalikuwa nyuma ya bega la mshindi, kwenye mstari wa mwisho. Ndipo akamwona mwanamume anachechemea, jezi imechanika, baiskeli begani, anauvuka kwa miguu.

Mshindi akaacha mahojiano, akamkimbilia.

"Ndiye?" mteja akauliza.

"Ndiye, mama." Msusi alikuwa analia na kucheka. "Kofia kaivaa upande, kila siku namkanya, hasikii huyu!"

"Alhamdulillahi. Sasa nisuuze, mwanangu, macho yananiwasha."