Kamba ya Dirishani

Carmelina alikuwa ameishika kamba ya kuanikia nguo kwa mkono mmoja na mkasi kwa mwingine, mara kamba ikavutwa. Ikavutwa tena.

Kwa miaka arobaini kamba hiyo ilivuka kichochoro cha Napoli, kutoka dirisha lake hadi dirisha la shoga yake. Ikivutwa mara mbili, maana yake ilikuwa moja tu: njoo, kahawa imechemka.

Shoga yake huyo alizikwa majira ya baridi. Nyumba yake sasa hukodishwa kwa wageni wa likizo, hata wenye mbwa, na mwenye nyumba mpya alitaka kamba ikatwe leo hii, isije ikawanyonga wanyama wa watu.

Kamba ilikuwa imelainika kama utepe kwa kushikwashikwa na wanawake wawili. Ilitetemeka kidoleni mwake. Ikavutwa mara mbili tena.

“Nakuja, bibi we, unadhani nina mabawa?” alijibu kwa sauti, kabla hajakumbuka.

Ng'ambo akatokeza mbwa wa manjano, kamba mdomoni, na nyuma yake binti mwenye nywele zilizolowa.

“Nisamehe, bibi. Amekataa kabisa kuachia.”

“Mwache. Aliyekaa humo kabla yenu alikuwa hivyohivyo, na meno hakuwa nayo.”

Binti akacheka. “Lakini mwenye nyumba ameniambia kamba inakatwa leo.”

Carmelina akavuta kiti, akauweka mkasi juu yake, akaukalia.

“Mwambie nimeutafuta mkasi nyumba nzima,” alisema, “sijauona.”