Sharti la Mzee Kipketer

Mzee Kipketer hakutaka kodi. Alitaka kelele.

"Saa nane mpaka saa kumi na moja, kila siku," aliwaambia akiwafungulia ghala la mahindi lililoshikana na nyumba yake, nje kidogo ya mji wa Kitale. "Lakini mkianza, hakuna kunyamaza. Wimbo ukiisha, ingieni ingine. Mimi hii kimya inanimaliza tangu Roselyne aende kwao."

Roselyne ndiye mkewe. Alikuwa ameenda Myanga kumuuguza mamake, na kwa upole ambao mzee alimtaja nao, Phanice alimwonea huruma.

Bendi yao, Kutu, ilikuwa ya watu watatu: Phanice kwenye ngoma, Wekoye kwenye gita, na Tonny aliyepiga besi na kuimba. Walikuwa wamefukuzwa kila mahali, kwenye gereji, nyuma ya baa, hata katika darasa la chekechea siku ya Jumamosi. Jirani wa Kitale atavumilia kesha la injili hadi jogoo awike, lakini roki saa nane mchana ataiita shetani. Na sasa kumbe yupo mtu wa kuwasihi waongeze sauti!

Ndipo walipothubutu. Tonny aliacha kufundisha. Wekoye akauza pikipiki. Phanice akaacha kazi ya duka la dawa za mifugo, na mamake kule Naitiri akaacha kumpigia simu. Muziki ungekuwa kazi, si mchezo wa wikendi. Albamu ikikamilika kabla ya Septemba, kulikuwa na mwandalizi wa matamasha aliyeahidi kuzunguka nao nchi nzima. Isipokamilika, wangerudi kupiga magoti walikotoka, na Phanice aliona heri ale nyasi.

Mzee hakuwa na mchezo na sharti lake. Wakitua hata kunywa maji, mlango uligongwa.

"Ati mmechoka? Si mliniambia hii ndio kazi?"

Siku wageni wa kanisa walipokuja kumsalimu, alichungulia dirishani akawaashiria kwa mkono: juu, juu zaidi. Jioni, walipokuwa wakifunga vyombo, alipita na kisufuria cha ugali akielekea nyuma ya nyumba. Cha mbwa, alisema. Mkali sana, wasikaribie.

"Huyu mzee tungempata mapema, saa hii tungekuwa mbari," Wekoye alisema, kwa ile r yake ya Misikhu inayomeza kila l. Walicheka hadi machozi.

Studio ya Nasir, jirani na msikiti mjini Bungoma, ilikuwa ndogo mno kwa ngoma. Basi aliwaazima mashine na maiki nne wakarekodie ghalani.

"Wimbo ikiisha, msiguse kitu," aliwaonya. "Nusu dakika, kimya kabisa, mpaka ile sauti ya sahani za shaba za ngoma ife yenyewe. Ndio muanze ingine."

Kimya? Kwa Mzee Kipketer? Walingoja Jumamosi aliyoitwa kwenye mkutano wa wazee wa kanisa. Aliondoka akiwasisitiza wasipunguze sauti. Gari lake lilipotokomea, Tonny alisogeza maiki moja hadi ukuta wa nyumba, mahali ngoma kubwa ilipovuma vizuri. Wakajaza pamba masikioni, kama kawaida yao, wakapiga nyimbo sita. Kila wimbo ulipoisha walikaa wamefumba macho, vichwa vikivuma, Phanice akihesabu sekunde kwa vidole. Hakuwahi kuwa na furaha kama ile maishani mwake.

Walimpelekea Nasir rekodi azipange, lakini alikuwa na foleni ya kazi, kwaya tupu. Wiki tano zikapita, na humo ndani mzee akabadilika. Hakugonga mlango tena. Kisufuria hakikupita tena. Wekoye alipouliza, akaambiwa mbwa amekufa. Siku moja waya wa besi ulikatika, wakanyamaza robo saa nzima, Phanice roho mkononi. Mzee alipita tu dirishani na jembe begani.

"Pumzikeni, watoto wangu," alisema. "Hata mkinyamaza sasa si neno."

Phanice aliumia. Alijua mzee amewachoka, na bila ghala lile hakukuwa na Kutu. Akapiga ngoma kwa nguvu zaidi alasiri ile, ili amkumbushe walivyokuwa.

Jumanne Nasir akawaita Bungoma. Walimkuta ametoka swala ya adhuhuri, kofia ingali kichwani. Nyimbo zote sita zilikuwa zimekaa sawa, aliwaambia, Septemba wangeiwahi. Tonny alimkumbatia Wekoye. Nasir peke yake hakucheka.

"Lakini mwisho wa kila wimbo kuna kitu inaingia," alisema. "Nikadhani ni panya. Nikaongeza sauti." Akamgeukia Phanice. "Mlikuwa wangapi kwa hiyo ghala, dada?"

"Sisi tu. Watatu."

"Hakukuwa na mama mwingine?"

"Hakuna, bana. Kwani nini?"

Nasir alimvisha hedifoni, akaanzia pale wimbo wa tano ulipoishia.

Sahani za shaba zilififia. Ukuta ukagongwa mara tatu, polepole. Kisha sauti ya mwanamke, kavu, karibu kabisa na maiki.

"Ni mimi, Roselyne. Amenifungia huku. Leo ametoka, mnaweza kunitoa. Hii ni mara ya tano nawaita. Msianze tena, tafadhali, nisikieni kidogo tu..."

"Moja! Mbili! Tatu! Nne!" ikapaa sauti ya Phanice mwenyewe, changamfu, na ngoma zikaanza.