Nukta Chini ya Namba

Simu ya Jicho ilidondoka kwenye sanduku la bati, juu ya simu za wenzake, na mlinzi akafunga mlango kwa ufunguo.

"Mpaka lini safari hii?" aliuliza.

"Mpaka waseme wao," mlinzi akajibu.

Hakushangaa. Kiwanda cha uchapaji cha serikali ndivyo kilivyo. Zikichapwa karatasi za mitihani au za kura, hatoki mtu wala haitoki simu. Alikuwa msoma prufu pale, akisahihisha nakala kabla hazijachapwa, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na kwa jinsi alivyonasa makosa, wenzake walimwita Jicho hata mbele ya wageni.

Jumanne hiyo asubuhi alikuwa amepiga kura. Wagombea walikuwa wawili tu. Jemedari alitaka majeshi yavuke mto mara moja yakawatie adabu majirani. Profesa, rais aliyekuwa akiomba muhula wa pili, alirudia katika kila jukwaa kwamba hakuna vita bila sababu, tusipochokozwa hatupigani. Jicho hakuhitaji kusikia zaidi. Mwanawe wa pekee alikuwa askari, akilinda daraja la mpakani, na vita vikianza vingeanzia miguuni pake.

"Wewe dada umepumbazwa na miwani ya huyo mtu," kaka yake alimtania kwenye foleni. "Jemedari angalau anasema wazi. Huyu wako, sababu ikipatikana je?"

"Itoke wapi? Hao majirani wenyewe wana njaa, vita watavitaka vya nini?"

"Haya bwana. Si wewe ndiye unayeona kila kitu?"

Alimpiga kikumbo, wakacheka, kila mmoja akaenda kuweka alama yake. Jicho alimchagua Profesa bila kusita.

Saa saba mchana mwanawe alimpigia simu.

"Huku kumetulia mpaka tunachoka, mama. Sasa hivi nafua soksi. Wenzetu wote wamehamishwa jana, darajani tumebaki kumi na wawili."

"Mbona wachache hivyo?"

"Amri kutoka juu. Si habari njema hiyo? Wangekuwa wanatarajia vita, wangetuongeza."

Kweli, alijiambia. Mtoto ana akili huyu! Akaja zamu ya saa kumi akiwa na furaha yake.

Msimamizi alikuwa mtu wa mizaha, lakini leo hata salamu aliijibu akiangalia sakafu. Alimwekea prufu mezani, kurasa mbili tu.

"Soma haraka. Tarehe niachie mimi."

Hiyo nayo ilikuwa kawaida. Nafasi ya tarehe huachwa wazi juu ya ukurasa, na msimamizi huijaza kwa mkono wake mwisho kabisa, kabla kazi haijaenda mtamboni. Jicho akachomoa kalamu yake nyekundu.

Ilikuwa hotuba ya rais kwa taifa. *Ndugu wananchi, alfajiri ya leo majirani zetu wamevuka mto na kuwaua askari wetu kumi na wawili waliokuwa wakilinda daraja. Mimi sikuvitafuta vita hivi. Niliwaahidi kwamba hatutapigana bila sababu, na sababu wametuletea wenyewe.*

Alfajiri ya leo! Aliirudia sentensi hiyo tangu mwanzo. Kisha akakumbuka soksi. Saa saba, si alfajiri. Mtu aliyeuawa alfajiri hafui soksi saa saba. Basi ni daraja jingine, maskini, watoto wa mama wengine. Na serikali imeficha habari hadi watu wamalize kupiga kura. Alijionea haya kwa jinsi alivyopumua.

Ukurasa wa pili ulikuwa na orodha ya mashujaa, kwa namba zao za jeshi. Alishuka nayo kwa ncha ya kalamu, tarakimu moja moja, kama alivyozoea. Kwenye mstari wa sita kalamu ilisimama.

40718.

Namba hiyo alikuwa akiiandika kila mwezi juu ya kifurushi: sabuni, karanga, soksi zilezile. Angeiandika hata amefumba macho. Aliisoma kutoka kushoto, akaisoma kutoka kulia. Halafu, jamani, akacheka. Kosa! Tangu lini maofisa wale wakaandika orodha bila kukosea? Wamechukua namba za kikosi kisichohusika. Akaikata namba ya mwanawe kwa mstari mwekundu, akaukoleza mara mbili, akainuka kumpelekea msimamizi.

"Orodha yenu ina kosa, na bahati yenu imepita kwangu. Huyu wa sita ni mwanangu. Nimeongea naye saa saba mchana, ni mzima kabisa."

Msimamizi aliipokea karatasi. Aliitazama, akatazama mlango uliofungwa.

"Nipe kalamu yako, dada."

Akampa. Msimamizi aliinama, akaweka nukta tano chini ya namba iliyokatwa, moja chini ya kila tarakimu. Hakuna msoma prufu asiyejua alama hiyo: kilichokatwa kibaki kama kilivyo.

"Hujanielewa," Jicho alisema. "Nakwambia yuko hai."

Msimamizi akarudi kwenye ukurasa wa kwanza, na juu, pale palipoachwa wazi, akajaza tarehe ya keshokutwa.