Mita Tisa za Senzota

Katika mji alioishi Nakijwa, sheria ya mipango miji ilimpa kila mkazi mita tisa za mraba, na kuta za nyumba zilisogea zenyewe watu walipoongezeka au kupungua. Mwanawe, Senzota, alitoka asubuhi moja kwenda kazini, asirudi. Miaka miwili ilipotimia, afisa ardhi akabisha hodi.

"Shikamoo, mama. Kijana wako bado anaishi hapa?"

"Marahaba. Vitu vyake vipo."

"Namuulizia yeye, mama."

Nakijwa akatia dole gumba kwenye fomu ya kumfuta mwanawe. "Na akirudi?"

"Ataomba nafasi kama mgeni."

Alihamisha viatu na shuka za mwanawe. Adhuhuri ukuta ukaja taratibu, ukameza chumba kizima pamoja na dirisha lake. Mita zile alipewa jirani yake, Nambua, aliyejifungua mwezi uliopita. Nambua alileta bakuli la uji, akashindwa kumtazama usoni.

"Nisamehe, dada."

"Mtoto hana kosa. Mlee."

Alasiri kichanga kikalia nyuma ya ukuta, palepale kilipokuwa kitanda cha Senzota. Nakijwa akausogelea ukuta, akaweka kiganja, akabembeleza kwa sauti ya chini mpaka mtoto akanyamaza. Ndipo alipotambua kwamba muda wote alikuwa akimwita Senzota.