Hina ya Idi

Wanajeshi wa kigeni walioushika mji walikuwa wakimsaka mume wa Wahida, na mume mwenyewe alikuwa uvunguni mwa kitanda, amebana pumzi.

"Nimekaa eda, kaka," Wahida alisema nyuma ya mlango. "Mume wangu tulimzika wiki iliyopita. Mwanamume haingii humu."

Mkalimani, mzaliwa wa Bagamoyo, akamfasiria afisa, kisha akarudi mlangoni. "Basi anataka ufunguo wa stoo."

Wahida akautoa mkono kwenye upenyo wa mlango. Ndipo alipoviona vidole vyake. Hina ya Idi, ya juzi tu, ilikuwa nyekundu mpaka kwenye kucha, na mwenye eda hajipambi.

Afisa aliutazama ufunguo. Mkalimani alizitazama kucha.

"Hina imekukolea, dada," akasema taratibu.

Afisa akamgeukia, akingoja tafsiri.