Mfuko wa Utepe Mwekundu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kaka yake alikuwa amepiga magoti kando ya mfuko wa majaribio, kisu kakiuma kwa meno, mikono imezama mfukoni hadi viwikoni.

Dada yake, mkuu wa ufungashaji, alimwona kupitia kioo cha ofisi yake. Akainama upesi nyuma ya meza.

Kiwanda kilitengeneza gundi ya vigae, ule unga wa kijivu unaokorogwa na maji, na miaka yote kiliuuza katika mifuko ya plastiki, ile ambayo ukiitupa leo vitukuu vyako wataikuta. Mwanamke huyu alikuwa amepiga kelele mwaka mzima ije mifuko ya karatasi, ya kukusanywa na kutengenezwa upya, mpaka wafanyakazi wakambandika jina la Karatasi. Mkurugenzi alikubali kwa shingo upande. Leo saa nne angekuja mnunuzi mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kila kona, ambaye hakutaka tena kuona plastiki dukani kwake. Mfuko mmoja, uliofungwa utepe mwekundu, ungedondoshwa mbele yake mara tatu.

"Ukipasuka," mkurugenzi alikuwa amesema, "hadithi ya karatasi imeishia hapo. Na wewe utafute pengine pa kwenda."

Usipopasuka, mashine ya kushona mifuko ya plastiki ingeuzwa chuma chakavu. Aliyeiendesha kwa miaka kumi na tisa alikuwa kaka yake, tumbo moja, ambaye kila mtu alimwita Sindano, hata mama yao. Hakuna aliyemwahidi kazi nyingine.

Sindano alikuwa bingwa wa utani. "Karatasi ni ya kufungia sukari robo, mdogo wangu," alizoea kusema. "Hizo kilo ishirini na tano utazizoa kwa ufagio." Kiwanda kizima kilicheka, na Karatasi mwenyewe alicheka, maana kaka ni kaka.

Lakini jana wakati wa chai hakutania.

"Hivi ukipasuka, kweli watakufukuza?"

"Watanifukuza."

"Hakuna namna nyingine?"

"Hakuna."

Akatikisa kichwa, akaondoka bila kumaliza chai. Karatasi alidhani kamwonea huruma. Sasa, akikitazama kile kisu, alijua kwamba mwenzake alikuwa anapiga mahesabu yake.

Sindano akamimina unga kutoka kwenye ndoo, akaushona mdomo wa mfuko, akafunga utepe, akajipangusa na kutoka huku akipiga mluzi. Mluzi! Karatasi alijisikia kulia. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotangulia, na hawakukosea.

Hakukuwa na muda wa kuchunguza. Wapakiaji walishaanza kuingia getini. Aliufungua utepe, akaufunga kwenye mfuko mwingine wowote kutoka kwenye rundo, kisha akauburuta ule wa kaka yake hadi nyuma ya mlango wa ofisi. Ulikuwa mgumu kushikika kuliko wenzake, lakini mtu mwenye hasira huona kila kitu kigumu. Hakumwambia mtu. Kwanza angemshinda, kisha angemuumbua.

Mnunuzi alifika saa nne kamili, mama mfupi mwenye viatu vya raba na maneno machache. Wapakiaji wawili wakauinua mfuko hadi kifuani, wakauachia. Puu! Ulilala chali, mzima. Wakauinua tena, safari hii uangukie ubavu.

"Upandisheni zaidi!" Sindano alipaza sauti kutoka mstari wa mbele, meno yote nje. "Hata juu ya vichwa! Haupasuki huo!"

Watu wakacheka. Karatasi alikunja ngumi mfukoni. Kejeli zake hizi!

Mara ya tatu uliangukia kitako, ukayumba kama mlevi, ukakaa. Haukutoka unga hata wa kujaza kijiko. Mnunuzi akachuchumaa, akapapasa kona moja baada ya nyingine. Akachana kipande cha mfuko mtupu, akakisugua ndani ya beseni la maji mpaka kikawa uji.

"Nileteeni shehena ya kwanza mwezi ujao," akasema.

Vifijo viliyatikisa mabati. Sindano alipiga kelele kuliko wote, akamnyanyua mdogo wake juu juu kama mtoto. Karatasi akajinasua. Unafiki nao una mipaka.

Gari la mnunuzi lilipotoka tu getini, aliwatuma wapakiaji ofisini kwake. Walirudi na mfuko, wakautua katikati ya watu. Tabasamu la Sindano likayeyuka.

"Huo umetoka wapi?"

"Wewe ndiye utuambie. Ndio uliokuwa na utepe asubuhi. Nilikuona, kaka."

Sindano aliutazama mfuko, akautazama ule uliodondoshwa.

"Kwa hiyo uliodondoshwa siyo huu?"

"Siyo. Pole sana."

"Mdogo wangu, usiufungue hapa. Nakuomba. Twende ofisini tukaongee."

"Tutaongelea hapa hapa, watu wote wamjue Sindano ni nani."

Mkurugenzi alisogea karibu. Karatasi akachomeka kisu, akauchana mfuko kutoka mdomoni hadi chini, na unga ukamwagika miguuni pake.

Ndani ya karatasi mlikuwa na karatasi nyingine, na ndani ya hiyo nyingine tena, zimegundishwa kona kwa kona. Na chini kabisa, pale ambapo mifuko hupenda kupasukia, palikuwa na mistari mitatu ya mshono wa mkono, midogo, iliyokazwa vizuri.